Majani Yakipukutika, Mengi Hujitokeza: Namna ya Kusoma Bayoanuwai Katika Matembezi ya Majira ya Mapukutiko

Wengi wanaopenda kutazama viumbe hai husubiri majira ya kuchipua, maua yanapofunguka na ndege wanapoimba tangu alfajiri. Majira ya mapukutiko, ile miezi ambayo majani hugeuka rangi na kudondoka, huachiwa wapiga picha. Mimi nayaweka mbele ya majira mengine yote. Anayetembea taratibu miezi hiyo, iwe msituni, bustanini au kando ya mto, anaweza kuona kwa macho yake jambo ambalo orodha ya majina ya spishi hailionyeshi: nani anaishi kwa kumtegemea nani. Lakini ni miezi inayompotosha mtazamaji kirahisi pia. Mengi yanayoonekana kufa yako hai, na mengi yasiyoonekana yapo palepale yalipokuwa.

Mkataba wa Bayoanuwai wa Umoja wa Mataifa, uliofunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, unaitambua bayoanuwai, yaani utofauti wa viumbe hai, katika ngazi tatu: tofauti zilizopo ndani ya spishi moja, tofauti kati ya spishi na spishi, na tofauti za mifumo ya ikolojia. Mtu akienda matembezi na kitabu cha kutambulia ndege au mimea, kwa kawaida hukaa kwenye ngazi ya pili. Huhesabu majina. Hakuna ubaya, ila majina matupu hayaelezi kwa nini mwaloni ulio peke yake uwanjani una wageni tofauti na mwaloni ulio katikati ya msitu. Majira ya mapukutiko huivuta ile ngazi ya tatu mbele ya macho, kwa kuwa karibu kila kiumbe kinakabidhi kitu: mti unaachia majani, kuvu zinayapokea, ndege anabeba mbegu, nondo anaacha mayai.

Swali la kwanza ambalo huwachanganya watu ni hili: nini hasa kinachoanzisha yote hayo? Jibu la haraka huwa ni baridi. Baridi ina nafasi yake, lakini kwa miti mingi ya ukanda wa wastani, ule ulio kati ya tropiki na ncha za dunia, ishara kuu ni usiku kurefuka na mchana kufupika. Halijoto hubadilika kila mwaka. Septemba moja huwa ya joto, nyingine ya baridi kali. Urefu wa mchana katika tarehe fulani haubadiliki, basi mti ukiufuata haudanganywi na wiki moja ya joto lisilo la kawaida. Ndiyo sababu pia Kusini mwa dunia mambo haya hutokea kati ya Machi na Mei. Katika milima ya Tasmania, mti mdogo uitwao Nothofagus gunnii hugeuka dhahabu na nyekundu kuanzia mwishoni mwa Aprili. Karibu na ikweta, ambako mchana hubaki takriban saa 12 mwaka mzima, miti inayopukutisha majani kwa kawaida hufuata ukame.

Shida ni kwamba viumbe unaokutana nao katika matembezi yaleyale hawafuati saa moja. Mti huangalia urefu wa usiku, kisha baridi humharakisha au kumchelewesha. Uyoga husubiri mvua na udongo wenye unyevu. Wadudu wengi huongozwa na halijoto. Ndege wahamao huanza kutayarishwa na urefu wa mchana, lakini siku hasa ya kuondoka huamuliwa na upepo na akiba ya mafuta mwilini. Saa hizi zote hupishana kila mwaka kwa namna tofauti. Ukipita njia ileile tarehe ileile miaka miwili mfululizo ukakuta picha mbili tofauti kabisa, usikimbilie kusema kwamba mahali pale pameharibika au pamestawi. Inawezekana mvua ilichelewa wiki tatu tu.

Sasa tuje kwenye jani, maana hapa ndipo pana utajiri.

Jani la kijani lina klorofili nyingi, ile rangi inayonasa mwanga wa jua, na protini zinazofanya kazi nayo zina naitrojeni, kirutubisho ambacho mti huhangaika kukipata. Usiku unaporefuka, mti huanza kuivunjavunja klorofili pamoja na protini hizo na kuirudisha naitrojeni kwenye vitawi, shina na mizizi, pamoja na sehemu ya fosforasi. Kijani kikipungua, rangi ya njano ya karotenoidi, ambayo ilikuwamo majira yote ya joto, inabaki peke yake na kuonekana. Rangi nyekundu ni habari nyingine. Nyekundu ya anthosianini kwa kiasi kikubwa hutengenezwa upya wakati huohuo jani linapokaribia kudondoka, na hili limewashughulisha wanabiolojia kwa muda mrefu: kwa nini mti utumie nguvu kupaka rangi kitu unachokitupa? Maelezo mawili ndiyo yanayotajwa zaidi. La kwanza, rangi hiyo hulikinga jani dhidi ya mwanga mkali wakati mitambo yake ya kutumia mwanga inavunjwa, ili mti upate muda wa kunyonya virutubisho vyote. La pili, lililotolewa na William Hamilton na Sam Brown mwaka 2001, ni kwamba rangi kali ni onyo kwa wadudu kama vidukari wanaotafuta mti wa kutagia: mti huu una nguvu za kujilinda, nenda kwingine. Ushahidi wa lile la kwanza naona una uzito zaidi, ingawa hakuna kinachozuia yote mawili kufanya kazi kwa miti tofauti.

Si kila mti unaojali kuokoa naitrojeni yake. Alnus, mti unaopenda kingo za mito na mabwawa, huangusha majani yakiwa bado kijani. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wa jenasi Frankia wanaochukua naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo haioni haja ya kubana matumizi. Ukiona majani ya kijani yameelea mtoni wakati miti mingine yote imegeuka njano, angalia juu. Huenda ndio huo. Wadudu wa majini wanaokula majani huyafurahia haya kuliko mengine kwa sababu yana lishe zaidi. Kwa jani moja la kijani umeshaona uhusiano wa mti, bakteria wa mizizini na wadudu wa mtoni.

Kisha tazama kitawi ambako jani limetoka. Pana kovu, na ndani ya kovu vidoti vidogo: ndiyo mishipa iliyokuwa ikipitisha maji na sukari, ambayo sasa imezibwa. Jani halikung'olewa na upepo. Mti wenyewe ulijenga tabaka la seli dhaifu kwenye shina la jani, ukaziba upande wake, upepo ukamalizia. Juu kidogo ya kovu utakuta chipukizi lililofungwa kwa magamba. Chipukizi hilo lilitengenezwa majira ya joto, kabla jani halijaanza kugeuka. Majani ya mwaka ujao yako mle yamekunjwa.

Kitu ninachopenda kumwonyesha kila ninayetembea naye kiko chini kwenye zulia la majani, hasa chini ya mitufaha, mialoni na miti ya jenasi Fagus (beech kwa Kiingereza). Okota jani la njano lenye doa la kijani kibichi lisilotaka kugeuka. Linyanyue uelekeze kwenye mwanga. Katikati ya doa utaona kijumba kilichochimbwa kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, na mara nyingi kivuli cha kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele. Huyo ni mtoto wa nondo mchimba-majani. Jani limekufa lakini sehemu anayoila inaendelea kuwa hai. Nchini Ufaransa, watafiti waliochunguza nondo Phyllonorycter blancardella kwenye mitufaha walionyesha mwaka 2010 kwamba nyuma ya ujanja huu kuna bakteria wanaoishi ndani ya kiwavi, Wolbachia. Viwavi walipopewa antibiotiki, kisiwa cha kijani kilitoweka. Bakteria hao wanahusishwa na saitokinini, homoni za mimea zinazochelewesha kuzeeka kwa jani. Mara nyingi kuna mgeni wa nne: nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kijumba hicho ili kinda lake limle kiwavi. Mti, nondo, bakteria na nyigu, wote ndani ya doa lisilofika upana wa kidole gumba. Hakuna mtu aliyepita hapo akihesabu ndege angeweza kuliandika hilo.

Chini ya majani ya mwaloni kuna pia vinundu bapa, vya mviringo, vyekundu au vya kahawia, vimepangana kama vifungo. Vimesababishwa na nyigu wengine wadogo waliotaga humo, na mti ukawajengea watoto wao nyumba na chakula pasipo kutaka. Vinundu hivi huachia jani na kuanguka chini, kiwavi akamalizia kukua ndani ya mboji na kutoka majira ya kuchipua. Mtu anayefagia majani yote na kuyachoma anawachoma hao pia.

Kuhusu uyoga, jambo la kuelewa kabla ya lolote ni kwamba uyoga unaouona ni tunda. Kiumbe chenyewe ni mtandao wa nyuzi nyembamba unaoishi udongoni au ndani ya kuni mwaka mzima. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon, Marekani, kuna kuvu moja ya Armillaria iliyoenea zaidi ya kilomita za mraba 9 chini ya ardhi. Ukipita hapo wakati wa kiangazi unaweza usione dalili yake yoyote isipokuwa miti inayokauka. Kwa hiyo mwaka usio na uyoga haumaanishi mwaka usio na kuvu. Unamaanisha mara nyingi kwamba mvua haikuja kwa wakati. Hapa ndipo watazamaji wapya huteleza zaidi, wakaandika kwamba spishi fulani imepotea kumbe imekaa tu bila kuzaa.

Uyoga pia hukuambia habari za miti. Ule mwekundu wenye madoadoa meupe, Amanita muscaria, huota karibu na miti ya Betula (birch kwa Kiingereza) na misonobari kwa sababu nyuzi zake zimefunga ncha za mizizi yao. Kuvu inaupa mti maji na madini, mti unailipa kwa sukari. Ukiandika umeuona, andika na mti uliokuwa karibu. Bila mti rekodi imepoteza nusu ya thamani. Nyingine huishi kwa kuozesha magogo, na hizo zikikosa kuni zilizokufa hazina pa kwenda. Msitu uliosafishwa sana, usio na gogo hata moja chini, huwa maskini kwa upande huu hata kama unapendeza.

Hapa sina budi kusisitiza. Amanita phalloides, uyoga wa rangi ya kijani hafifu au manjano, umeua watu wengi duniani, na unafanana na aina kadhaa zinazoliwa. Dalili hazianzi mara moja. Kwa kawaida huja saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu wakati ini linaharibika. Programu ya simu inayotambua kwa picha haifai kabisa kuwa kigezo cha kula. Kutazama uyoga, kuupiga picha juu, chini na penye kitako chake, kuunusa, vyote havina hatari na vinatosha.

Kwa ndege, majira haya ni ya mchanganyiko. Mbayuwayu wa Ulaya huondoka kuelekea Afrika kusini mwa Sahara kwa kuwa wadudu wanaoruka wanawaishia angani. Wakati huohuo mabata bukini wanashuka kutoka kaskazini ya mbali. Katikati yao wapo wapitaji tu, wanaotua siku mbili kula na kuendelea. Mwaka 2022 kinda wa Limosa lapponica, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, akiwa na umri wa takriban miezi mitano, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11, akifuatiliwa kwa kifaa cha setilaiti. Alichokula kwenye tope la pwani kabla ya kuondoka ndicho kilichomfikisha. Kwa hiyo mahali penye ndege wengi siku moja ya Oktoba huenda pasiwe makazi ya hata mmoja wao, na bado pakawa ni pa lazima katika maisha yao. Ukilinganisha idadi ya Oktoba na ya Juni bila kulikumbuka hili, utapata majibu ya uongo.

Wanaobaki nao wana pilikapilika. Garrulus glandarius, ndege wa ukoo wa kunguru mwenye kiraka cha buluu bawani, anaweza kuficha maelfu ya mbegu za mwaloni katika msimu mmoja, moja moja, akizifukia ardhini mbali na mti mama. Asizozirudia huota. Mwaloni, ambao mbegu yake ni nzito mno kubebwa na upepo, hupanda mlima kwa msaada wake. Miaka mingine mialoni ya eneo kubwa huzaa kwa pamoja kupita kiasi, kindi, panya na ndege wakashindwa kumaliza. Miaka mingine huzaa kidogo sana na wale wale wakalazimika kuhama au kupungua. Ukiona ndege hawa wengi ghafla mahali ambapo huwa hawaonekani, uliza kwanza mialoni ya kwingine imezaaje.

Popo wengi wa ukanda wa wastani hupandana majira haya, na jike huhifadhi mbegu za dume mwilini hadi majira ya kuchipua ndipo mimba itunge. Kalunguyeye hula bila kupumzika ili apate mafuta ya kulalia. Na asubuhi yenye umande, kabla ya jua kupanda, angalia nyasi na vichaka: tando za buibui ambazo zilikuwepo wiki zote zilizopita sasa zimepigwa mistari ya maji na unaweza kuziona mita kadhaa mbali. Zile nyuzi ndefu zinazopepea hewani siku tulivu ni buibui wadogo wakisafiri. Charles Darwin aliwaona wakitua kwenye kamba za meli ya Beagle mwaka 1832, kiasi cha kilomita 100 kutoka nchi kavu. Mwaka 2018 Erica Morley na Daniel Robert wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha kwamba buibui huhisi umeme uliopo hewani na huweza kuinuliwa nao, hata pasipo upepo.

Usipite mbali na Hedera helix, mmea mtambazi unaofunika kuta kuukuu na mashina. Huchanua Septemba hadi Novemba, wakati maua mengine yamekwisha, na siku ya jua hujaa nyuki, nyigu, nzi na vipepeo. Kuna nyuki aliyefungamana na maua hayo, Colletes hederae, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya pekee mwaka 1993 tu, ndani ya Ulaya iliyochunguzwa kwa karne nyingi. Aliandikwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 2001, na kuenea kwake kuelekea kaskazini kumejulikana kwa sehemu kubwa kupitia rekodi za watu wa kawaida waliosimama mbele ya ukuta wenye maua.

Hilo linatuleta kwenye kuandika. Majukwaa ya mtandaoni ambako watu huandika viumbe walivyoviona, kama iNaturalist, lililoanza 2008, na eBird la ndege, lililoanza 2002, yamekusanya mamilioni ya taarifa za namna hii. Taarifa hizo zina upendeleo wake: watu hutembea mwisho wa wiki, siku isiyo na mvua, kwenye njia pana, na hupiga picha ya kinachong'aa. Ndege wengi majira haya hawaimbi, hivyo aliyezoea kuwatambua kwa sauti atawapita bila kujua, wakati huohuo matawi matupu yanamwonyesha viota ambavyo majira ya joto asingeviona. Kutoonekana na kutokuwepo ni mambo mawili. Njia bora ya kuvitenganisha ni kurudia: kipande kifupi cha njia, muda uleule, na kuandika umekaa dakika ngapi na hali ya hewa ilikuwaje. Ukifunua gogo au majani kutazama jongoo na tandu, virudishe vilivyokuwa; unyevu wa pale ndio uhai wao.

Kuna tatizo moja la majira haya ambalo majira ya kuchipua hayana. Mbayuwayu wa kwanza anayewasili unamjua siku ileile unapomwona. Wa mwisho kuondoka huwezi kumjua siku ile. Utamjua baadaye, siku zikipita bila mwingine. Hii ni sababu mojawapo tarehe za kuwasili zimeandikwa kwa wingi tangu zamani kuliko tarehe za kuondoka, na kwa hiyo tunafahamu machache zaidi kuhusu namna mabadiliko ya tabianchi yanavyousogeza mwisho wa msimu. Dawa yake ni kuandika spishi zote ulizozitambua katika kila tembezi, hata zile za kawaida ulizozizoea, na kueleza kwamba orodha imekamilika, ili anayeisoma ajue kwamba asiyetajwa alitafutwa na hakuonekana. eBird wana sehemu mahususi ya kuthibitisha hilo. Kwenye daftari inatosha kuweka jina la mbayuwayu na mbele yake sifuri.